Hakuna Mtu Humu

Maoni ya kwanza kabisa tuliyopata yalitoka kwa mtu ambaye hakuwahi kuiona programu yetu ndani. Alikuwa bado mlangoni. Aliandika namba yake ya simu, akaambiwa asubiri namba ya uthibitisho kwa meseji ya kawaida, akasubiri, na robo saa ilipopita bila kitu akaenda kwenye duka la programu akatupa nyota moja. Ilikuwa Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi. Tulikuwa hewani kwa saa moja na nusu tu, na mimi ndiye niliyekuwa zamu ya kujibu.

Kwa wiki sita kazi yangu ikawa hiyo: kusoma walichoandika watumiaji wa programu mpya ya kuchati na kuwajibu mmoja mmoja. Jina lake sitalitaja, na waliotuandikia nitawasimulia bila kuwanukuu, kwa kuwa walikuwa wanazungumza na sisi, hawakuwa wanahutubia dunia. Nimeamua kuandika kwa sababu kila programu ya aina hii inapozinduliwa nasikia maswali yaleyale: imepakuliwa mara ngapi, imepata nyota ngapi. Nilizihesabu nyota hizo kwa mkono wangu. Ninachokikumbuka leo hakikuwemo kwenye nyota.

Turudi mlangoni kwanza, maana pale nilikaa siku nzima. Mtu haioni namba ya uthibitisho, anabonyeza "tuma tena". Kubonyeza huko kunaifuta ile ya kwanza. Dakika mbili baadaye ya kwanza inaingia, ilikuwa imechelewa njiani. Anaiandika kwa furaha, inakataliwa. Anabonyeza tena. Sasa kuna namba tatu zimetumwa na moja tu ndiyo halali, wala hajui ni ipi. Akikosea mara tano mfumo unamwona kama mwizi anayebahatisha na kumfungia nje kwa saa kadhaa. Mtu aliyetaka tu kumsalimia rafiki yake.

Meseji zile hazitumwi na programu yenyewe. Zinapita kwa kampuni za kati, kisha kwenye mitandao ya simu, na kila kituo kina foleni yake. Nilianza kumweleza hivyo mmoja wao, nikafika katikati, nikafuta nilichoandika. Kilichomsaidia ni mhandisi wetu, ambaye mchana huohuo alibadilisha kanuni ili namba iliyochelewa ikubalike kwa dakika kumi hata kama mtu ameshaomba nyingine. Jibu langu likawa fupi: pole, jaribu sasa. Wengi wao walijaribu. Baadhi hawakurudi kamwe, na nyota yao moja bado ipo palepale, ushahidi wa nyumba ambayo hawakuingia.

Hata wakubwa hukwama mlangoni. Januari 2021, WhatsApp ilipotangaza masharti mapya ya faragha, Elon Musk aliandika maneno mawili tu akiwahimiza watu watumie Signal, programu nyingine ya kuchati. Umati ulipofika, namba za uthibitisho zilichelewa kwa sababu waliokuwa wanajisajili kwa wakati mmoja walikuwa wengi mno. Tarehe 15 mwezi huohuo Signal ikazimika kabisa kwa muda, ingawa seva mpya zilikuwa zikiongezwa kila siku. Mimi humfikiria mtu aliyembembeleza dada yake kwa siku tatu ahamie huko, na dada akafungua siku hiyohiyo ya kuzimika. Utamwambia nini tena baada ya hapo?

Kufikia jioni ya siku ya kwanza maoni yalikuwa yameingia ndani ya nyumba, na swali likawa: mnataka orodha ya namba zangu ya nini? Swali la haki kabisa. Programu hulinganisha namba zilizo kwenye simu yako na za waliojisajili, ili ikuonyeshe nani yupo. Ukikataa unakutana na ukurasa mweupe. Lakini orodha ile haikuwa ya mwenye simu peke yake. Ndani yake mna namba za watu ambao hakuna aliyewauliza, na waliokataa kuitoa walikuwa wanawalinda watu hao pia, hata kama hawakulisema hivyo.

Usiku wa siku ya pili aliandika mwanamke mmoja. Hakwenda kwenye nyota; alitumia barua pepe. Programu ilikuwa imewapelekea arifa wote wenye namba yake kwenye simu zao, kwamba amejiunga. Miongoni mwao alikuwemo mwanamume ambaye mwanamke huyo alikuwa amemkimbia, na ambaye kwa muda mrefu hakujua kama namba ile bado inatumika. Sasa amejua, na alikuwa ameshamwandikia.

Arifa ile tuliipenda. Tuliichora, tukaipima, tukafurahi jinsi ilivyowavuta watu: fulani amejiunga, msalimie. Zipo programu kubwa zinazofanya hivyo hadi leo. Katika mikutano yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza itakuwaje ikiwa huyo fulani hataki kusalimiwa. Mwanamke yule ndiye aliyeuliza, saa nne usiku, kwa sentensi nne zilizotulia kiasi kwamba mikono yangu ilitetemeka nikizisoma. Tuliizima arifa usiku uleule kwa watumiaji wote. Nilimsaidia kufuta akaunti na nikamwomba radhi, nikijua radhi haikifikii kilichotokea. Asubuhi yake kasi ya watu wapya ilishuka waziwazi kwenye mchoro wetu. Hakuna aliyependekeza tuirudishe, na katika yote tuliyoyafanya wiki zile, hilo ndilo ninalojivunia zaidi.

Sifa pia zilikuwepo, tena nyingi, na nilizipenda kama mtu yeyote angezipenda. Ila baada ya kusoma mia kadhaa niliona jambo: zilikuwa zinazungumzia programu nyingine. Nzuri, haina matangazo. Nzuri, hakuna anayeona nimeingia saa ngapi. Nzuri, sijaingizwa kwenye kundi lolote. Mtu anasifia kisichokuwepo. Ni malalamiko aliyoyabeba miaka mingi bila kupata pa kuyatua, na sisi tumempa meza tupu.

Yalinikumbusha Novemba 2014, WhatsApp ilipoanzisha tiki za bluu. Kelele zilipanda hadi mwezi huohuo wakaanza kujaribu njia ya kuzizima. Kabla ya hapo, aliyechelewa kujibu alikuwa na kisingizio chenye heshima: sikuiona. Tiki mbili ndogo zikakichukua, na urafiki fulani ukaanza kuhesabiwa kwa dakika. Watu waliokuja kwetu miaka mingi baadaye walikuwa bado wanatushukuru kwa kutokuwa na tiki hizo.

Kisha ikaja wiki ya tatu, na baadhi ya walewale wakauliza: mbona sioni kama amesoma? Mbona sijui kama yupo hewani? Wenzangu walikasirika kidogo. Mimi sikukasirika. Unapoandika wewe unataka kujua. Unapoandikiwa unataka kufichika. Huyu ni mtu mmoja na hajipingi, amebadilisha kiti tu. Tuliweka tiki ambazo kila mmoja anaziwasha kwa mtu anayemtaka, na malalamiko ya jambo hilo yakaisha.

Mengine nitayapita haraka. Betri: ni kweli, toleo la kwanza liliila. Bando: picha zilikuwa zinashuka zenyewe, tukarekebisha. Stika: watu wanazijali kuliko nilivyodhani, na walikuwa na haki. Kompyuta: waliomba sana, na hapo tulikuwa na funzo la wazi mbele yetu, maana Google walizindua Allo, programu yao ya kuchati, Septemba 2016 ikiwa imefungwa kwenye simu moja, wakaipa mlango wa kompyuta Agosti 2017, na Machi 2019 ikafungwa.

Kuna jambo moja ambalo sitaweza kulipita haraka, nalo ni siri. Swali lililorudi kila siku lilikuwa kama sisi tunasoma meseji zao. Hatukuwa tunaweza. Tulitumia usimbaji fiche wa mwanzo hadi mwisho: ujumbe unafungwa kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji, na seva yetu inabeba bahasha tu bila kuwa na ufunguo. Nilijibu hivyo kwa fahari. Lakini aliandika mmoja akauliza kuhusu bahasha yenyewe: nani amemwandikia nani, saa ngapi, mara ngapi. Hilo tuliliona. Nilimwambia ukweli, kwamba tunaliona na tunalifuta baada ya muda mfupi, akashukuru akaondoka. Jibu la kweli lilimpoteza na ningelitoa tena.

Watu wanajali hili kuliko wanavyodhaniwa. Mwaka 2025 programu ya Arattai ya kampuni ya Zoho ilipopaa ghafla nchini India, jina lenyewe kwa Kitamil likimaanisha soga, watu waliofurahia programu ya nyumbani walikuwa haohao waliouliza mbona simu za sauti zimesimbwa na meseji bado. Furaha haikuwazuia kuuliza.

Upande wa pili wa siri ulinifikia wiki ya nne. Mtu alipoteza simu, akanunua nyingine, akaingia, akakuta patupu. Aliniomba nimrudishie mazungumzo yake. Nikamweleza kwamba hatuna ufunguo. Akasema basi tafuteni. Nilimwandikia mara saba na kila mara hasira yake ilikuwa ya haki, kwa sababu siku ya kwanza tulimwambia kwa herufi kubwa kwamba hakuna anayeweza kusoma, na kwa herufi ndogo kwamba akipoteza simu naye hataweza. Tulibadilisha ukubwa wa herufi hizo. Mazungumzo yake hayakurudi.

Lakini tukusanye yote hayo, namba zilizochelewa, arifa, betri, siri, bado hayafikii nusu ya sentensi moja iliyojirudia kuliko zote. Iliandikwa kwa tahajia kila aina, na watu wenye nyota tano na wenye nyota moja: hakuna mtu humu.

Mwanzoni nililichukulia kama lalamiko la subira. Nilijibu kwamba ndiyo kwanza tumeanza, waalike rafiki zako. Wiki ya pili nikaanza kufuatilia waliotupa nyota tano na maneno mazuri siku ya kwanza, nione wako wapi. Wengi walikuwa wameondoka. Hawakukasirika, hawakubadilisha nyota. Waliingia, wakasifia, wakatuma ujumbe mmoja au miwili, hakuna aliyejibu, wakarudi walikotoka. Nyota zao zilibaki zinawaka juu ya nyumba isiyo na watu.

Ndipo nilipowaomba wenzangu tuache kuweka ukutani idadi ya waliojisajili, tuweke namba nyingine: kati ya watu wapya wa leo, wangapi wamejibiwa na mtu kabla siku haijaisha. Namba hiyo ilikuwa ndogo na ya kuumiza, na ilieleza kila kitu. Aliyejibiwa alibaki. Asiyejibiwa alikwenda, hata kama kila kitufe alikipenda.

Historia ya programu hizi imejaa siku za kwanza zilizong'aa. Oktoba 2013 kampuni ya simu ya BlackBerry ilipoifungulia BBM, programu yake ya kuchati, simu za Android na iPhone, ilipakuliwa mara milioni 10 katika saa 24. Mei 2019 BBM hiyo ya watu wa kawaida ikafungwa. Februari 2014 WhatsApp ilizimika kwa saa chache na mshindani wake, Telegram, ikapata karibu watu milioni 5 ndani ya siku moja. WhatsApp iliporudi iliendelea kukua bila kutikisika. Siamini kwamba milioni zile hazikuwa na shauku ya kweli. Naamini walifika, wakatazama kulia na kushoto, wakawatafuta watu wao.

Aliyenifundisha hesabu ya jambo hili alikuwa mwanamume mmoja aliyeandika wiki ya kwanza akijitambulisha kama kifungua mimba wa familia yao. Nitamwita Kaka Mkubwa. Familia ilikuwa na watu 12 kwenye kundi moja la zamani, na alitaka kuwahamisha wote. Aliwapigia simu mmoja mmoja. Alikaa na kila mmoja hadi namba ya uthibitisho ilipoingia, siku ambazo namba zile zilikuwa zinachelewa. Kwa siku nne alifikisha 11. Aliyebaki alikuwa shangazi yao, ambaye simu yake ilikuwa ya zamani na programu yetu ilikataa hata kupakuliwa.

Watu 12 wana jozi 66 za mazungumzo. Ukimwondoa mmoja unakata jozi 11, na zinazobaki ni 55. Kwenye karatasi hiyo bado ni nyumba iliyojaa. Katika maisha haikuwa hivyo. Habari ya mgonjwa ilipotokea ikabidi iandikwe mara mbili, huku na kule. Picha ya mtoto ikawekwa kwetu, shangazi hakuiona, akasikia kwa mtu, akanuna. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na hakuna kati yao aliyekuwa tayari kumfanya shangazi awe asiyekuwepo. Siku ya tisa wote 11 wakarudi kwenye kundi la zamani. Kaka Mkubwa aliniandikia kunijulisha, kwa adabu, kama mtu anayeaga baada ya kukaribishwa vizuri.

Tangu siku ile sikuweza tena kusoma "hakuna mtu humu" kama lalamiko dhidi yetu. Tungefanya nini? Hata programu isingekuwa na dosari hata moja, mtu hawezi kuhama peke yake kwenda kuzungumza. Na ndugu zake hawakutoweka. Wapo, wana simu mkononi, wako umbali wa kitufe kimoja, isipokuwa kuna ukuta katikati, na ukuta ule umejengwa na watu kwa makusudi. Mwenye laini ya mtandao mmoja anampigia wa mtandao mwingine. Barua pepe inatoka kwa kampuni yoyote na kufika kwa kampuni yoyote. Ni kwenye kuchati tu ndipo tumekubali kwamba mlango wa kwangu usifunguke kuelekea kwako.

Haikuwa lazima iwe hivi. Julai 1999 Microsoft walizindua MSN Messenger, programu yao ya kuchati, ikiwa na uwezo wa kuzungumza na watu waliokuwa kwenye AIM, programu ya kuchati ya kampuni ya AOL. AOL wakaifungia. Microsoft wakatoa toleo jipya lililopenya, AOL wakafunga tena, na mchezo huo ukaendelea kwa miezi hadi Microsoft wakaacha. Mwaka huohuo mradi wa Jabber ulikuwa unaanza, ukitaka meseji zisafiri huru kama barua pepe zinavyosafiri. Jabber haikushinda. Umoja wa Ulaya, kwa sheria iliyoanza kuwabana wakubwa Machi 2024, umeilazimisha WhatsApp na Messenger ya Facebook kufungua mlango kwa programu nyingine zitakazoomba, kwa mazungumzo ya wawili kwanza na makundi baadaye. Ni mlango mwembamba na umechelewa miaka 25, nami naushangilia kwa moyo wote. Ungekuwepo wakati ule, shangazi angebaki kwenye simu yake ya zamani na programu yake ya zamani, na Kaka Mkubwa angekuwa kwetu, na picha ya mtoto ingewafikia wote.

Kuna anayesema kufungua milango kutavunja siri. Ni hoja nzito, kusimba ujumbe kati ya programu mbili ni kazi ngumu kuliko ndani ya moja. Lakini ugumu si sababu ya kukataa, na hoja hiyo huipenda zaidi wenye ukuta.

Sikuwa na uwezo wa kubomoa ukuta. Nilichoweza ni kumpelekea mhandisi barua ya Kaka Mkubwa. Akaisoma mara mbili, akauliza simu ya shangazi ni aina gani, na kwa wiki tatu zilizofuata, pembeni ya kazi nyingine, akatengeneza toleo jepesi ambalo simu ile ingelibeba: bila video, bila stika, meseji na sauti na picha ndogo tu. Lilipotoka nilimwandikia Kaka Mkubwa. Hakujibu siku mbili. Siku ya tatu niliona kundi la watu 12 limerudi hai. Sikuweza kuona walichoandikiana, niliona bahasha tu, na bahasha nyingi kuliko zote zilikuwa zinatoka kwenye ile simu ya zamani.

Hatukudumu. Fedha ziliisha kabla watu hawajatosha, na tukatangaza kwamba tutafunga baada ya siku 30. Nilirudi kwenye zamu ya kujibu, na maoni ya mwisho yalikuwa tofauti na yale ya kwanza: hakuna nyota, maswali tu. Nitapakuaje mazungumzo yangu? Picha zitafutika lini? Nimesoma maswali hayohayo yakiulizwa ICQ, programu kongwe ya kuchati, ilipofungwa Juni 2024 baada ya karibu miaka 28, na Skype Mei 2025, na kila mara najua ni swali la namna gani.

Kaka Mkubwa naye aliandika. Hakulalamika. Alisema wameshakubaliana wanakohamia, watu 11 wako tayari, ila shangazi amezoea hapa na hataki kuharakishwa, na siku 30 hazitamtosha. Aliomba tumuongezee chache.

Tulisogeza tarehe mbele kwa siku 14.